Jiko la Nekesa Kule Lesotho

Ijumaa, 1 Julai 1983

Nina miaka sabini na tatu. Nimeishi kupita vita viwili vya wazungu. Nimezika mke, kaka zangu wote, na injini zote za moshi za reli. Madereva Makalasinga niliowalishia moto wamekwisha. Mimi bado niko.

Asubuhi nimewasha jiko kwa njiti moja, na nje ni manyunyu. Mtaa huu wote, kutoka hapa mpaka Makadara, hakuna mwingine anayeweza. Chai imechemka kabla majirani hawajaamka.

Mwalimu wetu wa gumbaru, lile darasa la watu wazima, alisema tuandike kila siku ili mkono usisahau. Basi naandika. Herufi zangu ni kubwa lakini zimenyooka.

Barua ya Nekesa imefika. Huyu ni binti yangu wa mwisho. Yuko Lesotho, kule chini ambako Afrika inakaribia kuisha. Mume wake Barasa anafundisha hesabu huko, wamepewa nyumba ya walimu. Wakati huu wana baridi kushinda sisi, milimani kuna theluji. Februari walipata mtoto msichana. Wamemwita Naliaka, jina la mke wangu. Sijamwona. Nina picha tu. Amekunja ngumi kama mwenye jina.

Nekesa anasema watu wa huko wanapenda kuchoma nyama uani. Wao pia wanataka jiko la kuchomea. Dukani wamekuta aina mbili. Moja ni pipa lililopasuliwa katikati, lina miguu na kifuniko, la kutia makaa. Lingine ni la gesi, mtungi chini, vifundo vya kuzungusha mbele. Barasa anataka gesi. Nekesa anataka makaa. Wamebishana mpaka wakakubaliana: Baba aamue.

Wamefanya vizuri. Nililisha moto wa injini miaka yangu yote ya nguvu. Wangemwuliza nani mwingine?

Jumamosi, 2 Julai

Nimepita kwa Mama Wambui, anauza makaa kwa debe hapo kwenye kona ya nyumba zetu. Yeye ni wa Murang'a, mjane kama mimi, mdomo wake hauna breki. Nimemweleza habari ya jiko. Nilijua ataniunga mkono.

Amesema gesi.

Amesema mwanamke mwenye mtoto mgongoni anataka kuzungusha kifundo na kumaliza, si kupuliza makaa mpaka macho yatoke maji. Nimemwambia amesaliti kazi yake. Akasema, "Baba Nekesa, mimi nauza makaa, sikuolewa nayo." Wanawake waliokuja kununua wamecheka. Hata aliyekuwa anahesabu chenji yake amecheka.

Nimeondoka bila kununua. Jioni nimerudi. Makaa yake ndiyo mazuri, nifanye nini?

Jumapili, 3 Julai

Baada ya ibada nimekwenda jikoni kwa kanisa. Wana meko ya gesi. Nimeomba nichome ubavu mmoja, ili mtu asiseme nimeamua bila kujaribu. Mimi ni mtu wa haki.

Moto wake ni buluu. Unafoka kama nyoka. Huwezi kuusoma. Moto wa kweli una rangi: unaanza mweusi, unakuwa mwekundu, unakuwa wa chungwa, ukifika mweupe unajua injini itapanda mlima wowote. Dereva alikuwa anatazama saa ya presha, mimi natazama moto, na tunasema namba moja. Buluu inakwambia nini? Hakuna.

Nyama imeungua nje, ndani mbichi. Ladha ya mafuta ya taa. Mama wa jikoni amesema nimefungua kifundo mpaka mwisho ndiyo maana. Hajui chochote huyo.

Jumanne, 5 Julai

Baridi imezidi. Maji ya ndoo yanauma meno.

Otieno amekuja kulalamikia baridi hii. Huyu ni kijana anayepanga chumba kinachopakana ukuta na changu. Anafanya kazi kiwandani huko Industrial Area, anakwenda kwa baiskeli alfajiri. Mke wake amekwenda nyumbani Siaya kujifungua mtoto wa kwanza. Kijana amebaki peke yake, analala na koti na viatu.

Nimempa jiko langu la zamani na nimemfundisha. Unawasha nje. Unangoja moshi uishe kabisa. Makaa yakishika nyekundu pande zote, ingiza ndani, funga mlango, lala kama mfalme. Makaa mekundu hayana moshi, na yasiyo na moshi hayana ubaya. Nimelala na jiko chumbani miaka yote, na ni mimi huyu.

Ameuliza kama aache dirisha wazi kidogo. Nimemwambia basi atakuwa anawapasha joto mbwa wa barabarani. Amecheka. Ameziba yale matundu ya hewa juu ya dirisha kwa gunia, na chini ya mlango ametia magazeti. Kazi safi. Kijana ana mikono. Matundu yangu sijaziba, sina nguvu ya kupanda juu ya kiti.

Alhamisi, 7 Julai

Mwalimu Simiyu amekuja. Anafundisha shule moja na Barasa, alikuwa likizo, Jumamosi anapanda ndege kurudi. Amebeba redio ya kaseti. Amesema, "Mzee, usisumbuke na kalamu, ongea tu, nitawapelekea sauti." Kijana mwenye adabu.

Nimeongea upande mzima wa kaseti. Simiyu alitaka kuzima mara mbili, nikamzuia kwa mkono.

Nimesema makaa. Nimewaeleza rangi za moto. Nimewaeleza habari ya kupanda Mau usiku na mvua, na mimi peke yangu na beleshi. Nimemwambia Barasa hesabu zake ni nzuri ubaoni, lakini nyama haijui hesabu. Halafu nimewapa faida kubwa ambayo gesi haina: nyama ikiisha, makaa bado yapo. Yakishika nyekundu yaingizeni ndani, myaweke karibu na kitanda cha mtoto, fungeni madirisha, Naliaka atalala joto mpaka asubuhi.

Mwisho nimeapa kwa beleshi langu la reli, liko hapa mlangoni. Nimesema: mtu yeyote akiwaambia Baba amebadilisha, Baba sasa anataka gesi, huyo ni mwongo, msimsikilize hata akija na karatasi.

Simiyu amecheka mpaka amefuta macho. Sijui alicheka nini. Lakini ilikuwa hotuba nzuri.

Jumamosi, 9 Julai

Simiyu ameondoka. Nimempa pia njugu za Nekesa na shanga za mtoto, za kiunoni.

Jumatatu, 11 Julai

Kichwa kinauma asubuhi. Ni majani ya chai, haya ya siku hizi si majani.

Nafikiri kaseti imefika. Naona wameketi, wote watatu, wananisikiliza. Barasa ameinamisha kichwa. Nekesa anacheka kama mama yake, bila sauti, mabega tu. Mtoto anageuka atafute ni nani anaongea.

Siku nzuri.

Jumanne, 12 Julai

Leo ni mengi. Nitaandika hivyo hivyo.

Nimetoka nje kuwasha jiko, jua limeshatoka. Baiskeli ya Otieno imeegemea ukuta. Nikasema amelewa, au leo yuko zamu ya jioni. Nimewasha moto. Nimechemsha chai. Nimekunywa. Baiskeli bado.

Mama Wambui amepita na gunia lake. Ameitazama baiskeli. Amegonga mlango, ameita jina. Kimya. Akaniambia, "Baba Nekesa, wewe umekaa hapo unakunywa chai tu?"

Mlango ulikuwa na komeo ndani. Nimechukua beleshi, nimetia ncha karibu na komeo, nimesukuma na mwili wote. Mbao zimepasuka. Nina miaka sabini na tatu na nimevunja mlango. Hii sijisifu, nasema tu.

Otieno alikuwa sakafuni, nusu kwenye blanketi. Alikuwa anajaribu kufika mlangoni, mkono umenyooshwa. Ametapika. Uso mwekundu, si rangi yake. Jiko langu katikati ya chumba, makaa yameshakuwa majivu. Hakuna moshi. Hata kidogo. Hakuna harufu. Chumba safi kabisa.

Mama Wambui amemshika mabega, mimi miguu. Tumemtoa nje kwenye manyunyu. Amemchapa kofi, amemmwagia maji, ameita majina ya watakatifu wake wote. Kijana amevuta pumzi kama mtu anayetoka majini.

Tumempeleka hospitali. Daktari ni mdogo kuliko Nekesa. Ameuliza kama alilala na jiko. Ameuliza madirisha. Nimemwambia daktari makaa yalikuwa mekundu, hayakuwa na moshi. Akasema ndiyo hayo. Akasema moshi ungemwamsha. Makaa yakichomeka chumba kikiwa kimefungwa yanatoa hewa mbaya, haina rangi, haina harufu, inaingia damuni na mtu analala tu, haamki. Nimebisha. Nimesema mimi nimelala na jiko miaka yote. Akaniuliza nyumba yangu ina matundu ya hewa? Nikasema yapo, sijaziba. Akaniuliza kama kichwa huuma asubuhi.

Nikasema ni majani ya chai.

Halafu akamwuliza Otieno, nani alikufundisha kuziba hivyo? Otieno alikuwa na macho nusu. Alinitazama. Akasema, "Hakuna mtu, daktari. Ni baridi tu."

Kijana huyu.

Tumerudi na Mama Wambui kwa miguu mpaka Jogoo Road. Hapo ndipo nimekumbuka. Nimesimama katikati ya watu. Mama Wambui aliuliza ni kifua? Nimesema ni kaseti.

Karibu na kitanda cha mtoto. Fungeni madirisha. Ni sauti yangu hiyo.

Posta imeshafungwa. Sitalala.

Jumatano, 13 Julai

Nilikuwa mlangoni kwa posta kabla ya karani. Mama Wambui amekuja pia, ameacha makaa yake kwa jirani. Sikumwita.

Nimeomba simu kwanza. Shule ina simu, namba iko kwenye barua. Karani wa simu amejaribu, amesema laini ya kule haipatikani. Nimesema jaribu tena. Amejaribu. Hakuna. Basi telegramu.

Nimeandika NUNUA GESI ACHA MAKAA. Nimempa karani. Halafu nimeichukua tena mkononi mwake.

Maana niliapa. Mtu akiwaambia Baba anataka gesi ni mwongo, hata akija na karatasi. Na hii ndiyo karatasi. Nekesa ataisoma atacheka, atasema Barasa ana rafiki posta. Jiko litabaki pale karibu na kitanda. Nimeona ngumi za yule mtoto.

Nimesimama pale na kalamu, watu wanapanga foleni nyuma. Kuna maneno sijawahi kuandika hata gumbaru.

Nimeandika: BABA AMEKOSEA. MAKAA NDANI YANAUA HATA MEKUNDU. OTIENO KARIBU AFE. TOA JIKO NJE. FUNGUA MADIRISHA. HATA GESI IKAE NJE.

Karani ni mtu mwema. Amesema, "Mzee, kila neno linalipiwa. Haya mawili ya kwanza tunaweza kuyatoa, ujumbe bado unaeleweka." Ameshika kalamu ayakate.

Nilitaka ayakate. Mungu anajua nilitaka. Nimemwambia yaache.

Mama Wambui alikuwa anasoma juu ya bega langu. Akasema Nekesa bado hataamini. Amekua akinisikia, hajawahi kusikia neno hilo kwa mdomo wangu hata siku moja, ataona limeandikwa na mtu mwingine. Akasema, "Weka jina langu. Mimi mtoto huyo nilimkuna kichwa akiwa na chawa. Hawezi kufikiri tumekuwa waongo wawili."

Nimeongeza: MAMA WAMBUI SHAHIDI.

Karani ameipiga muhuri. Nimeuliza itafika lini. Amesema mjini kule Lesotho itafika leo, lakini kutoka mjini mpaka shule huko milimani, yeye hajui.

Alhamisi, 14 Julai

Hakuna kitu.

Nimekwenda kumwona Otieno hospitali. Amekaa, amekunywa uji. Nimempelekea ndizi. Nilikuwa na maneno nimeyapanga njiani. Nimeishia kummenyea ndizi moja. Yeye ndiye amesema, "Mzee, ule mlango nitalipa." Mlango niliouvunja mimi.

Nimerudi nyumbani, nimekaa kitandani bila jiko. Baridi inaingia magotini. Acha iingie.

Ijumaa, 15 Julai

Nimerudi kujaribu simu. Laini hakuna.

Posta hakuna.

Sijala. Nimejaribu kukumbuka vizuri nilichosema kwenye kaseti. Labda sikusema kitanda. Labda nilisema tu chumbani. Nilisema kitanda. Nilisema vizuri, polepole, kama mtu anayefundisha, ili wasikose.

Watu wengi hawanisikilizi. Mtaa mzima haunisikilizi, wananicheka, wanaendelea na mambo yao. Nekesa ananisikiliza. Hiyo ndiyo shida.

Nimeigeuza picha ya mtoto ukutani. Halafu nimeirudisha.

Jumamosi, 16 Julai

Tarishi wa posta amekuja kwa baiskeli saa za mchana. Ameita jina langu mtaa wote ukasikia. Nilikuwa nimekaa pale kwenye kona ya makaa. Mama Wambui ameipokea telegramu, ameifungua kwa mikono yenye makaa, amenipa. Akasema soma mwenyewe, si umeenda shule.

Nimesoma herufi moja moja.

JIKO LILILALA NDANI SIKU MBILI. KICHWA KILITUUMA SOTE. NALIAKA ALITAPIKA. TULIDHANI BARIDI. TELEGRAMU IMEFIKA. TUMEFUNGUA MADIRISHA. MTOTO MZIMA AMENYONYA. BARASA AMECHUKUA GESI. ASANTE BABA. ASANTE MAMA WAMBUI.

Walinitii. Walinunua makaa, wakayaweka pale nilipowaambia, wakafunga kama nilivyowaambia.

Nimelia. Mbele ya tarishi na mbele ya wanawake wa foleni ya makaa. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Mama Wambui amekaa karibu nami kwenye gunia lake. Amesema tu, "Amenyonya. Umesoma hapo? Amenyonya."

Nimesoma tena hapo.

Jumapili, 17 Julai

Otieno ametoka hospitali. Habari kutoka Siaya pia, mke wake amejifungua mvulana.

Nimenunua mbavu za mbuzi. Tumechomea nje, kando ya ukuta, mimi na Otieno na Mama Wambui. Makaa ni yake, moto ni wangu. Njiti moja. Otieno amegeuza nyama.  Manyunyu yalikuja, tukavuta jiko chini ya mabati ya nje, likabaki huko huko.

Kabla ya giza nimepanda juu ya kiti, Otieno amenishikia. Nimelitoa lile gunia kwenye matundu ya chumba chake kwa ncha ya beleshi. Upepo umeingia. Amesema ni baridi. Nimesema ndiyo.

Nimempa blanketi langu moja. Mimi nimevaa koti la reli, lile zito la usiku. Bado linanuka injini.

Nyama ya gesi bado ni nyama ya mgonjwa. Hapo sijabadilika na sitabadilika. Lakini Naliaka akiota meno, hiyo hiyo ndiyo ataila, na iwe tamu kwake.

Nimeandika mambo yalivyokuwa. Asiyeamini amwulize Mama Wambui hapo kwenye kona, alikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho. Otieno pia atasema, ila sehemu ya mlango hakuiona, alikuwa amelala.